Wachapishaji wetu, PDF haitoshi

Baba yangu alifundisha Kiswahili shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na sasa macho yanamsumbua. Ana mtoto wa jicho, na zamu yake ya upasuaji bado haijafika. Mwaka jana nilipokwenda Muheza kumsalimia nilimpelekea kisomaji changu cha vitabu, kile chenye skrini ya inchi 6 ya wino wa kielektroniki, ambacho hakichomi macho kama simu na chaji yake hukaa wiki kadhaa. Nilimwekea riwaya tatu za Kiswahili. Alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho barazani, na dakika kumi hazijatimia akanirudishia.

"Mwanangu, hawa ni sisimizi."

Alisema kweli. Riwaya zote tatu zilikuwa PDF. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, na skrini ya inchi 6 ina upana wa sentimita 9 hivi. Ukiubana ukurasa mzima uenee humo, herufi ya pointi 12 inabaki kama pointi 5. Ukiikuza, mstari unatoka nje ya skrini, na skrini hizi hazina wepesi wa simu: kila unaposogeza, unangoja picha ifutike ichorwe upya. Unasukuma kulia umalize mstari, unarudi kushoto, unashuka, unasukuma tena. Kurasa 200 namna hiyo ni adhabu hata kwa kijana mwenye macho mazima.

Ndani ya kifaa kilekile nilikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiswahili cha EPUB, fomati iliyotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya kielektroniki. Nilikifungua, nikaongeza ukubwa wa herufi mara nne, nikapanua nafasi kati ya mistari, nikampa tena. Alisoma mpaka adhana ya isha.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza swali moja kila ninapotumiwa kitabu: ni fomati gani? Naona wengi wetu hatuulizi kwa sababu hatujawahi kuonyeshwa kwamba kuna tofauti. Kwenye magrupu ya WhatsApp watu hawaombi kitabu, wanaomba PDF. "Wadau, mwenye PDF ya riwaya fulani anisaidie." Jina la faili limekuwa ndilo jina la kitabu.

PDF ilitoka Adobe mwaka 1993, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha waraka unaonekana vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kwa ajili hiyo inaitaja kila herufi na mahali pake kwenye karatasi: hapa M, hapa t, hapa u. Mara nyingi haina habari kwamba herufi hizo ni neno, wala kwamba mistari hii sita ni aya moja. Kwa ankara, ramani, au kitabu kinachokwenda kiwandani kuchapwa, sina neno nayo. EPUB ni kitu kingine kabisa. Chukua faili la EPUB, badilisha mwisho wa jina lake liwe .zip, ulifungue kwenye kompyuta: utakuta sura za kitabu zimeandikwa kama kurasa za tovuti, faili la mitindo, picha, na orodha inayosema sura ipi itangulie. Aya inajulikana kuwa aya, kichwa kinajulikana kuwa kichwa. Ndiyo maana maandishi yanatiririka yakafuata upana wa skrini yoyote na ukubwa wowote wa herufi. Na si mali ya duka fulani. Ni kanuni ya wazi, na tangu 2017 iko chini ya W3C, shirika lilelile linalotunza kanuni za tovuti.

Kuna watakaosema, si ubadilishe tu PDF iwe EPUB? Nimebadilisha nyingi. Natumia calibre, programu ya bure ambayo Kovid Goyal aliianza mwaka 2006, na ningemshauri kila mwenye kisomaji awe nayo. Lakini hata mwongozo wa calibre wenyewe unaonya kwamba PDF ni miongoni mwa fomati mbaya kuliko zote za kuanzia. Namba ya ukurasa inaangukia katikati ya sentensi. Jina la kitabu, lililokuwa juu ya kila ukurasa, linajirudia ndani ya mazungumzo ya wahusika. Na kama PDF ilitokana na kuskani, kompyuta ikasomeshwa herufi kwa mazoea ya Kiingereza, basi Kiswahili kinaumia zaidi. Nimekutana na "ng ombe", na "ng*ombe", na mahali pamoja "ngombe" bila alama yoyote. Ukimtafuta ng'ombe katika kitabu hicho humpati, ilhali yumo kila sura.

Hata EPUB zenyewe, zikitengenezwa kwa haraka, zina kosa linaloniudhi mno kwa sababu dawa yake ni herufi mbili tu. Ndani ya faili kuna mahali pa kutaja lugha ya kitabu. Nimefungua vitabu vya Kiswahili nikakuta pameandikwa "en", kwa sababu programu ilikuja hivyo na hakuna aliyeangalia. Matokeo yake ni kwamba kifaa kinaweza kuyakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, mkato ukaangukia katikati ya silabi, na asiyeona anayesikiliza kwa sauti ya kompyuta anasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Ingewekwa "sw", yangekwisha mengi. Ni heshima ndogo ya kuipa lugha yako.

Kuhusu vifaa, wanaotaka kununua wajue hili mapema. Visomaji vya Kobo na PocketBook hufungua EPUB moja kwa moja: unachomeka waya wa USB, unanakili, unasoma. Kindle, kisomaji cha Amazon, haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya. Tangu 2022 inaipokea ukiituma kupitia huduma ya Amazon, ambayo huigeuza kwanza njiani. Kwa hiyo unahitaji bando na mtandao, jambo dogo Dar es Salaam, si dogo kijijini. MOBI, fomati ya kampuni ya Kifaransa ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005, imeshawekwa pembeni. Msiendelee kutengeneza vitabu vipya kwa MOBI.

Halafu kuna kufuli. Kitabu kinaweza kuwa EPUB safi kabisa na bado duka likakifunga kisifunguke kwenye kifaa cha duka jingine. Sizipendi kufuli hizi hata kidogo, na nina sababu. Mwaka 2009 Amazon ilivifuta kutoka Kindle za wateja vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo ndicho tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi, lakini watu walilala na kitabu wakaamka bila kitabu. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, navyo vikazimika. Mchapishaji wa Kiswahili anaogopa wizi, namwelewa, maana anaibiwa kweli. Ila ninavyoona mimi, wizi unastawi kwa PDF za kuskani zinazozagaa bure kwa kuwa hakuna nakala nzuri ya kununua. Mniuzie EPUB isiyo na kufuli, kwa bei ya chakula cha mchana, nilipe kwa simu. Nitalipa, na wenzangu wengi watalipa.

Kuna mahali pamoja PDF inaishinda EPUB, nami sitaficha: mashairi. Mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, wenye mizani 16, yaani ukwapi (kipande cha kwanza) nane na utao (kipande cha pili) nane, ukiuweka kwenye EPUB bila uangalifu na msomaji akakuza herufi, unavunjika popote. Neno la kina cha kati linatupwa mstari wa chini, vina havionekani tena, ubeti unakuwa kama habari ya gazeti. Utenzi hauna taabu hiyo, maana vipande vyake vya mizani nane vinaenea vizuri kwenye skrini ndogo. Kwa tarbia dawa ipo: ukwapi uwe mstari wake, utao uwe mstari wake chini yake, umesogezwa ndani kidogo. Ni kazi ya mikono, na aifanye mtu anayejua shairi.

Nimeijaribu. Baba ana daftari la mashairi yake, aliyoyatunga tangu akiwa chuo cha ualimu, hayajawahi kuchapishwa popote. Nimeyachapa, nikaandika "sw" mahali pake, nikatenganisha ukwapi na utao, nikayatia kwenye kisomaji, na kisomaji nimemwachia. Wiki iliyopita alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Ubeti wa tisa, mshororo wa pili, utao una mizani saba, nikaangalie daftari. Nimeangalia. Nilikuwa nimeruka "na". Nimeshasahihisha, nakala mpya naipeleka Ijumaa.