"Sikumbuki" ya Mshtakiwa Ipimwe kwa Watu wa Hapa

Katika kesi za mauaji, mshtakiwa kusema "sikumbuki" si jambo nadra. Tafiti za Ulaya na Marekani zimekuta kwamba robo ya walioua, na pengine zaidi, hudai kupotewa na kumbukumbu ya tukio lenyewe. Hapa Malindi jibu hilo likitolewa kortini asubuhi, jioni barazani hukumu ishapita: huyo muongo. Mimi siikubali hukumu hiyo ya haraka. Na wataalamu wa saikolojia tunaowategemea watuamulie nao wanaweza kutupoteza, wakituletea vipimo vyao jinsi vilivyo.

Kusahau kwa kweli kupo. Mtu aliyejaza mnazi mangweni kupita kiasi anaweza kutembea, kubishana, hata kupigana, na ubongo wake usihifadhi lolote, kwa sababu pombe nyingi huzuia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, kuweka kumbukumbu mpya. Vile vidonge ambavyo vijana wa Pwani huviita bugizi hufanya hivyo hivyo. Ukimbana mtu wa namna hiyo hadi kesho hutapata kitu, maana hakuna kilichohifadhiwa. Kisheria hilo pekee halimwokoi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya hakipokei ulevi kuwa utetezi ila katika hali chache, kama mtu kuleweshwa na mwingine bila kujua, ingawa mahakama inaweza kuuzingatia inapopima kama alikusudia.

Kujifanya nako kupo. Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, alidai kusahau karibu kila kitu, kisha tarehe 30 Novemba 1945 akasimama mbele ya mahakama ya Nuremberg na kusema alikuwa akiigiza. Kwetu mara nyingi ushauri wa kujifanya hutoka kwa jamaa, tena kwa huruma: "Mwanangu, we sema hukumbuki." Laiti wangejua gharama yake. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden, Christianson na Bylin, waliwapa watu kisa cha uhalifu wajione kuwa ndio wahalifu, na baadhi yao wakaagizwa wajifanye wamesahau. Baadaye walipotakiwa kusema kweli yote, waliojifanya walikumbuka machache kuliko wenzao. Yaani uongo ule unaila kumbukumbu yenyewe. Familia ya marehemu, inayotaka kujua mtoto wao alikufaje, hupokonywa jibu ambalo pengine lilikuwapo siku ya kwanza.

Kuna kipimo cha kuwatenganisha aliyesahau kweli na anayejifanya, na ni cha busara kweli. Mshtakiwa huulizwa maswali kuhusu tukio, kila moja na majibu mawili, achague moja hata kwa kubahatisha. Asiyekumbuka atapatia karibu nusu. Akipatia matano tu kati ya 25, bahati peke yake ni shida kuleta matokeo hayo: uwezekano haufiki hata mmoja kwa mia. Huyo anayajua majibu na anayakwepa.

Lakini kipimo kinasimama juu ya sharti moja: kwa asiyejua lolote, majibu yote mawili yawe na uzito sawa. Uliza kama marehemu alipigwa kwa panga au kwa chupa ya mvinyo, na mtu wa Ganda au Kakuyuni atasema panga bila kufikiri. Ikiwa ilikuwa chupa, amekosa. Akikosa mengi ya namna hiyo, ataandikwa muongo ilhali alikuwa akibahatisha kama mtu yeyote wa kwao. Ndiyo maana maswali hujaribiwa kwanza kwa watu wasioijua kesi. Je, ni watu wa wapi? Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichambua majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi tajiri za Magharibi. Tena huku kwetu habari hutangulia askari. Hadi mshtakiwa afikishwe kituoni, amekwisha simuliwa na majirani alichofanya, na anaweza kujibu sawasawa kwa aliyoyasikia.

Kasoro hii haiko kortini tu. Upo mizani wa kupima utayari wa kijana kujenga maisha yake ya kazi, uliotolewa mwaka 2012 baada ya kujaribiwa katika nchi 13, Afrika Kusini ikiwemo. Kazi ya kusifiwa. Hata hivyo moja ya mambo anayoulizwa kijana ni uwezo wake wa kufanya uamuzi mwenyewe. Kijana wa Matondoni, kule Lamu, anayejifunza kuunda jahazi kwa babake na kushauriana na ami zake kabla ya hatua yoyote, atajipa alama ndogo hapo, nami siuoni udhaifu wake uko wapi. Sasa wanafunzi wetu wanapangiwa mikondo ya masomo wakiingia sekondari ya juu, na ushauri wa kazi wenye vipimo vya namna hii utahitajika kila shule.

Ninachotaka kinawezekana. Kabla mtaalamu hajamweka mshtakiwa wa Malindi mbele ya maswali yake, awaulize kwanza watu wazima wa tarafa ile ile, wa rika lile lile, wasioijua kesi, na matokeo yao yawekwe mezani pamoja na ya mshtakiwa. Wanafunzi wa saikolojia wa vyuo vya Pwani wanaweza kuifanya kazi hiyo. Na wakili wa utetezi aulize waziwazi mbele ya jaji: maswali haya yalijaribiwa kwa nani?