Sikulia kwa Sababu ya Mbuzi

Tuanze na hilo, maana najua video imeshafika mpaka Kolwezi. Sikulia kwa sababu ya mbuzi. Mulamu wangu (shemeji), yule aliyepiga zile sekunde 14, akazitia kwenye grupu la familia na kuandika chini yake "Mukwe analilia nyama siku ya Noeli", ni mwongo. Tena dola zangu tano bado anazo.

Nililia kwa sababu ya pilipili. Na tango. Na ujinga, lakini huo tutaufikia.

Mnanijua. Tangu mwezi wa kumi na moja nawasumbua hapa na picha za sahani zangu: lengalenga, matembele, maharagi yasiyo na hata mfupa. Chanzo ni tata mukwe, baba wa mke wangu. Mzee ana tension (presha), ana na sukari, na muuguzi alimwambia chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile inayojificha kwenye kube ya supu. Mzee akarudi nyumbani akaamua kwamba muuguzi yule ni mtoto mdogo. Bibi yangu akakosa usingizi (huku kwetu Kongo bibi ni mke, ndugu wa Dar msinicheke). Mimi nikafungua mdomo: Noeli hii wazazi wanakula kwetu, napika mimi, na hakuna mnyama atakayekufa.

Hakuna aliyeniomba. Mlikumbuke hilo mtakapoanza kunihurumia.

Basi, sombe (kisamvu) ya karanga bila samaki ilikuwepo. Bowa (uyoga) walikuwepo, maana mvua ya mwezi huu imewatoa porini kwa wingi. Lakini mkubwa wa meza alikuwa chikanda. Kwa msioijua: ni viazi vidogo vya ua la porini, okidi, vinakaushwa na kutwangwa. Unga wake unapikwa na unga wa karanga, pilipili kavu na soda ya kupikia kidogo, unasonga kama bukari (ugali) mpaka bega liombe msamaha, halafu unafunika sufuria na kupanga makala (mkaa) juu ya kifuniko. Ikipoa unaikata vipande vyekundu-kahawia, unaweza kuapa ni soseji. Wazambia wanasema ni yao, leo sina nguvu ya kugombana. Na ndugu wa Tanzania, najua mizizi mingine inavushwa kutoka milima yenu ya kusini, na kwamba pale Kitulo mmeyawekea maua hifadhi nzima ya taifa tangu 2005. Nimesikia. Nilinunua kikopo kimoja tu.

Saa saba pilipili zilikuwa tayari. Zile ndogo, kavu, kali. Nilizikata vikonyo kwa kisu, nikazitwanga kwenye kinu kidogo cha jikoni, nikapiga chafya kumi na moja. Shikeni vitu hivyo viwili, kisu na kinu.

Saa nane chikanda iko juu ya mbabula (jiko la mkaa) uani, makala chini, makala juu. Wageni ni saa kumi. Bibi yuko kwa msusi na watoto. Nyumba kimya. Nikajitazama kwenye kioo: moshi, unga kwenye nyusi, macho ya mtu aliyelala karakana. Nikamkumbuka dada mmoja wa kwenye simu anayesemaga kwamba sikukuu watu wanapikia wenzao mpaka wanasahau ngozi yao. Nikasema, kweli. Tata mukwe tunamtunza, mimi ananitunza nani?

Avokado moja iliyoiva. Asali. Kijiko cha manjano. Vipondwe wapi? Kinu hiki hapa. Nilikisuuza, nawaapia, nilikisuuza kwa maji mara mbili. Tango la kuweka machoni nilikata vipande viwili vizuri vya duara. Kwa kisu hiki hiki hapa.

Sasa nioneni. Nimekaa uani kwenye kigoda, kifua wazi, nimejifunga kitenge cha bibi kiunoni, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Uso wote umepakwa, masikio yamo. Tango jicho la kulia. Tango jicho la kushoto. Nikaegemea ukuta. Baridi nzuri. Nikamsikia jirani anapiga kwaito na nikamsamehe.

Nilihesabu pumzi. Dada wa kwenye simu anasema hesabu mpaka ishirini. Kwenye tisa, kitu kikaanza kutembea juu ya shavu. Nikadhani ni asali. Kwenye kumi na mbili nikadhani ni dawa inafanya kazi, nikafurahi. (Nilifurahi! Bado najiuliza mtu wa namna gani anafurahi.) Kwenye kumi na tano shavu likawa mbabula. Hapo nikafanya lile lililoniua: nilikunja uso, kukunja kukakamua tango, na maji ya tango yakaingia machoni.

Sina maneno. Nilisimama ndani ya beseni. Beseni likapinduka. Nikachota maji kwenye ndoo, nikajimwagia, na maji yakaubeba ule moto na kuusambaza shingoni, puani, mpaka kwenye pembe za mdomo. Baadaye niliambiwa kwamba ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana kinu kilinidanganya. Asante. Ungeniambia saa nane.

Kitenge nacho kikaanza kulegea. Mkono wa kushoto ukashika fundo, wa kulia ukatafuta ukuta, macho hayafunguki, na hapo nikasikia geti. Viatu vya mwanamke vinakuja haraka. Nikashukuru Mungu, bibi amerudi.

"Sheri!" nikalia, yaani mpenzi. "Sheri wangu, nakufa, nipulizie macho!"

Hakuna jibu. Nikaunyoosha mkono, nikakuta mkono. Nikaukamata, nikauvuta karibu, nikaweka uso wangu juu, midomo imetokeza kama ya mtoto anayesubiri uji.

"Puliza, sheri. Puliza."

Bado kimya. Jirani naye, kwa sababu zake, alizima muziki. Kidole gumba changu kikatembea juu ya ule mkono na kukuta bangili. Nyembamba, ya kusokotwa, ya baridi. Bibi yangu havai bangili, zinamwasha. Kikageuka kidogo, kikakuta fundo dogo pale nyaya zinapokutana. Ni shaba. Katika ukoo wote ule ni mtu mmoja tu anavaa shaba, anasema inamsaidia viungo.

Nyinyi wa huku mmeshashika kichwa. Kwa wengine nieleze: mama mukwe hukai naye kiti kimoja. Humshiki mkono ovyo. Akipita njiani unapisha, ukiwa na kofia unaivua. Miaka tisa ya ndoa, na mazungumzo yetu marefu kuliko yote yalikuwa "Jambo, mama" na "Jambo, mutoto", yeye akiangalia mlango na mimi nikiangalia sakafu. Sasa niko mbele yake kifua wazi, nimevaa kitenge ambacho yeye mwenyewe ndiye alimnunulia binti yake, uso wa njano, tango moja bado limeganda kwenye nyusi, nimemshika mkono na kumwita sheri.

Na sikuuachia. Hilo ndilo linaniamsha usiku. Akili ilisema achia, vidole vikakataa. Nadhani niliogopa kwamba nikiachia itabidi kitu kingine kifuate, kwa mfano maisha.

Ndipo nikamsikia, sauti ndogo, kama mtu anayeongea na ng'ombe wa watu: "Tata... mutoto yako huyu eko na shida."

Kumbe wamekuja wote. Mzee, mashangazi wawili, na mulamu wangu mwenye simu. Kuna lifti waliipata, wakaona wasiipoteze.

Anayestahili sifa ni mzee. Watu wengine wanapiga kelele maji, maji, yeye akagonga fimbo chini: "Wapi! Maji itamuua. Lete mafuta." Shangazi akaleta chupa ya kwanza aliyoikuta, nayo ilikuwa ya mawese. Kwa hiyo pale kwenye video mnaponiona mwekundu juu ya njano, nang'aa, natoa machozi na kutikisa kichwa, hapo siombi mbuzi. Hapo napona. Macho yenyewe yalisafishwa kwa maji safi, kikombe baada ya kikombe, mpaka bibi akarudi na nywele mpya na kuniuliza ni nani.

Yaliyobaki ni mafupi. Chikanda hakuna aliyeikumbuka. Chini iliungua ikawa nyeusi kama ile terili kubwa ya mji wetu, mlima wa mabaki ya madini. Nusu ya juu tuliiokoa. Mzee alikula vipande vitatu, akauliza nyama hii imenunuliwa wapi, akajibiwa ni ua, akasema basi mnipe ua lingine. Mama mukwe alikula chumbani na mashangazi, sikumwona tena. Niliwasikia lakini. Kila baada ya dakika chache shangazi mmoja anasema "Puliza, sheri," na nyumba inatikisika.

Misa ya Noeli nilihudhuria nikiwa rangi ya ndizi mbivu, kwa sababu manjano haina haraka ya kutoka. Watoto wa katekisimu wamenipa jina. Sitaliandika hapa, mulamu atawaandikia.

Nilidhani imeisha. Jana jioni mtoto mmoja wa kwao akaja na mfuko mweusi, katumwa. Ndani kuna shati jipya, mikono mirefu, vifungo mpaka kwenye koo.

"Nkambo anasema Bonane munakuja kwetu," akasema (nkambo ni nyanya, Bonane ni Mwaka Mpya), macho juu, kama anasoma shuleni. "Utavaa hii. Na utaleta ile chikanda."

Nikamwambia asante, nitaleta. Akaondoka, akafika kwenye geti, akageuka.

"Anasema tena, ikuwe ya kukula tu."