Tunahesabiwa Vizuri, Lakini Hatuandikwi

Kitovu cha mwanangu kilikuwa hakijadondoka, barua yake ikaingia. Imetoka Skatteverket, mamlaka ya kodi ya hapa Sweden, ina namba yake tayari, inatukumbusha tupeleke jina ndani ya miezi mitatu. Sikwenda ofisi yoyote. Hospitali ndiyo iliyotoa taarifa kwamba mtu amezaliwa, basi. Posho ya mtoto, kronor 1,250 kwa mwezi, nayo inaingia bila kuombwa.

Nikaipiga picha ile barua nikamtumia dada yangu Tanga. Akajibu: "Hao wako wachache mdogo wangu, wanaweza kuandikana. Sisi tuko wengi." Jibu hilo limenikaa kooni mpaka leo, maana nimelisikia kwa wasomi na wasio wasomi, na si kweli.

Waswidi hawakuanza kuandikana baada ya kutajirika. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji watunze vitabu vya waliozaliwa, waliooana na waliokufa katika kila usharika. Mwaka 1749 serikali ikaanza kukusanya hesabu za vitabu hivyo nchi nzima. Walikuwa wakulima maskini, reli hakuna, umeme hakuna, mavuno yakiharibika watu wanakufa kwa njaa. Hesabu ya kwanza ikawaonyesha kwamba hawafiki hata milioni 2, wakaifanya siri ya serikali. Lakini kuandika hawakuacha. Ripoti ya mwaka 1751 ilisema kati ya wanawake 651 waliokufa kwa uzazi, angalau 400 wangepona kama wakunga wangetosha. Zikafuata juhudi za kusomesha wakunga na kuwasambaza vijijini. Kila nikisoma sentensi ile nasimama, kwa sababu sisi hatuna pa kuitoa sentensi kama hiyo. Hatuna kitabu chenye majina ya wanawake wetu waliokufa wakijifungua.

Hapa najua watakuja wale wa "umekaa Ulaya umeanza kutudharau". Nisikilizeni basi. Sensa yetu ya 2022 mimi naitaja hapa kifua mbele. Usiku wa kuamkia Agosti 23 tulikuwa watu 61,741,120, na makarani waliingia kaya kwa kaya na vishikwambi, bara na visiwani. Kuanzia 1967, tulipokuwa milioni 12.3, tumefanya sensa sita. Jirani zetu wa Kongo sensa yao ya mwisho ni ya 1984. Na msidhani Wazungu hawakosei: Ujerumani ilipofanya sensa mwaka 2011 ilijikuta na watu pungufu kwa takriban milioni 1.5 kuliko ilivyoamini. Kuhesabu tunajua. Anayesema hatujui hajawahi kumwona karani wa sensa akivuka mto na kishikwambi kifuani.

Mwenzangu mmoja kazini, Mswidi, alisoma kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi nane ambazo Umoja wa Mataifa ulikadiria zitabeba zaidi ya nusu ya ongezeko la watu duniani hadi 2050. Akaniuliza kwa huruma kabisa, mtakula nini? Nilikasirika. Nikamwambia: mwaka 1800 ninyi mlikuwa kama milioni 2.3, mwaka 1900 mkawa milioni 5.1, tena hapo katikati mmeshawapeleka Marekani watu kwa mamia ya maelfu. Esaias Tegnér, askofu na mshairi wenu, alisema kilichowaongeza ni amani, chanjo na viazi. Sisi tukipata amani na chanjo, watoto wetu wakaacha kufa, inakuwaje kosa? Mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 4.8 kwa utafiti wa kitaifa wa uzazi na afya wa 2022. Utafiti wa 2015-16 ulisema 5.2. Tunashuka kama wao walivyoshuka, kwa mwendo wetu.

Nikarudi mezani kwangu bado nina hasira, lakini hasira ile ikageukia nyumbani. Kwa sababu takwimu zote nilizokuwa najitetea nazo ni za kuulizia watu. Takwimu za waliozaliwa na kufa wakaandikwa siku hiyohiyo sina.

Nawaheshimu wanaochunguza idadi ya watu wetu, na kazi yao ina mizizi kwetu. William Brass, Mskoti, alifanya kazi Nairobi kwenye idara ya takwimu ya Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, baadaye akatunga njia ya kukadiria vifo vya watoto kwa maswali mepesi: mama umezaa wangapi, wangapi wako hai? Ndiyo maana karani anakuuliza mambo hayo hata kama yanakuumiza. Njia hiyo imetumika dunia nzima. Ila ilitungwa kwa ajili ya nchi zisizo na vitabu vya vizazi na vifo. Ni mkongojo wa kutembelea mguu ukiwa unapona, na sisi tumeutembelea zaidi ya nusu karne.

Matokeo yake tunagombana bure. Utafiti wa 2015-16 ulitoa vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Upande mmoja unashangilia, upande mwingine unasema takwimu zimepikwa. Mimi siamini zimepikwa. Tafiti hizo huwauliza wanawake habari za ndugu zao wa tumbo moja: yupi yuko hai, yupi amefariki, alikuwa mjamzito? Vifo vya uzazi ni vichache katika sampuli ya aina hiyo, kwa hiyo jibu linabeba shaka kubwa. Kati ya 104 na 238 kuna akina mama wengi mno wa kuachia shaka, na hakuna kati yetu anayeweza kufungua daftari akawataja.

Mtasema vijijini haiwezekani. Imewezekana Rufiji, tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wadadisi wanazungukia kaya zilezile, wanaandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, na akifa mtu wanaketi na wafiwa kuuliza dalili ili wajue kilichomuua. Wasimamizi wa afya wa wilaya wakatumia habari hizo kupanga fedha kulingana na magonjwa yanayoua kweli, na vifo vya watoto vikashuka.

Na daftari tunalo, jamani. Bibi yetu alipozikwa Muheza, kuna kijana alikaa pembeni na daftari la rambirambi akaandika nani katoa elfu tano, nani kaleta mchele, kwa mwandiko mzuri, hakumruka mtu. Bibi mwenyewe hakuandikwa kokote serikalini. Hakuna cheti, hakuna sababu ya kifo. Katika hesabu za nchi ameyeyuka tu kati ya sensa moja na nyingine. Msiniambie hatuna utamaduni wa kuandika.

Kwa watoto tumeanza. Mpango wa kusajili walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, unawaandikisha bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na taarifa zinatumwa kwa simu. Wanaolaumu kila kitu cha nyumbani, mpango huu huwa hawautaji. Ninachotaka ni simu hiyohiyo, mkononi mwa mtendaji yuleyule ambaye msibani hakosi kuwepo, ipokee pia jina la marehemu, umri wake, na alichokuwa anaumwa, bila malipo na bila kumwambia mfiwa aende wilayani. Watu wataandikisha vifo kama havitawagharimu nauli. Sensa ijayo ni 2032, na huo ni muda wa kutosha kuanza na wilaya moja, hata kama ni Muheza.