Rafu zikibaki tupu: bei ipande au kila mtu apimiwe?

Machi 2020, karatasi za choo zilitoweka madukani Marekani, Uingereza na Australia, na lawama zikamwangukia mteja mlafi aliyejaza toroli. Lawama hiyo ilikosa shabaha. Duka kubwa huagiza mzigo kadiri unavyotoka, na bidhaa inayokula nafasi kubwa kwa faida ndogo haiwekwi kwa wingi. Kila nyumba ikichukua pakiti mbili badala ya moja, rafu inakauka, na hakuna aliyefanya ulafi. Tena watu walikuwa wamehama kutoka ofisini kwenda nyumbani, ilhali roli za ofisini hutengenezwa na kufungashwa kivyake.

Wachumi wengi husema acha bei ipande: mwenye akiba ya bidhaa nyumbani atangoja, na msambazaji wa mbali atavutika kuleta mzigo. Nusu ya pili ya hoja hii ina uzito. Dereva anayezunguka barabara iliyokatika hawezi kudai nauli ileile. Lakini hilo lina dawa: sheria ya California, inayokataza kupandisha bei za bidhaa muhimu kwa zaidi ya asilimia 10 wakati wa dharura, humruhusu muuzaji kufidia gharama zilizoongezeka.

Nusu ya kwanza ndiyo inayonikera. Bei hupima mfuko wa mtu, haipimi shida yake. Februari 2022 kiwanda cha maziwa ya watoto cha kampuni ya Abbott huko Michigan, Marekani, kilifungwa, na uhaba ukadumu miezi. Mama mwenye mtoto mchanga angengoja nini? Bei kubwa isingefungua kiwanda wiki ile. Serikali ililazimika kuleta maziwa kwa ndege kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo, kwa siku za mwanzo, naunga mkono kikomo cha pakiti kwa kila mteja. Kina kasoro zake, na si ndogo: familia ya watu tisa inapimiwa sawa na mtu anayeishi peke yake, na tangazo lenyewe huweza kuzidisha hofu. Kikija rafu zikiwa zimeshafagiliwa, hakina maana tena. Zaidi ya yote, anayekisimamia ni keshia, ambaye hupewa amri ya kukataa bila kupewa ruhusa ya kusikiliza. Ruhusa hiyo apewe, iandikwe mapema, na meneja asimame karibu naye foleni inapochacha.