Hivi mlinzi alikuwa wapi?

Jamani nimeiangalia tena muvi ya mazombi, 28 Weeks Later ya 2007, na hasira zimenipanda upya. London ilishamalizwa na virusi, jeshi la Marekani limejaa pale, wadunguaji juu ya mapaa, helikopta, kamera kila kona. Wanampata mama ana virusi kwenye damu ila hajageuka zombi, yani ndo mtu wa hatari kuliko wote mjini, halafu wanamfunga kitandani wanamwacha peke yake! Hata askari mmoja mlangoni? Hamna. Mumewe, ambaye kazi yake ni kusimamia majengo tu, anapita na kadi yake mlango baada ya mlango mpaka ndani, anambusu, anaambukizwa, kwisha habari. Nani alimpa msimamizi wa majengo kadi ya kumfikia mgonjwa wa jeshi?? Na bado, ugonjwa ukilipuka wanawakusanya raia kibao chumba kimoja wanawafungia, mlango wa nyuma hauna mlinzi. Anaingia zombi mmoja tu, basi. Huo mpango aliupanga nani? Nyie wenzangu mnaopenda hizi muvi, mliwezaje kukaa kimya pale? Mi nilisimama kabisa, naipigia kelele tivii.