Kugandisha diski peke yake hakulindi kompyuta ya umma

Wasimamizi wa kompyuta za maktaba na maabara za shule wamegawanyika. Kuna wanaogandisha diski: programu kama Deep Freeze, au kichujio cha UWF (Unified Write Filter) kilichomo ndani ya Windows Enterprise na Education, hutupa kila kilichoandikwa mara mashine inapowashwa upya. Wengine huiacha diski wazi wakambana mtumiaji kwa akaunti isiyo na mamlaka ya usimamizi na orodha ya programu zinazoruhusiwa.

Kwa wepesi wa matunzo, kugandisha kunashinda. Mipangilio ikivurugwa, au kirusi kikija na flashi, unazima na kuwasha. Shida ni kwamba masasisho ya usalama nayo hutupwa, hivyo lazima itengwe saa, kwa kawaida usiku, ya kugandua diski, kusasisha na kugandisha tena. Mashine iliyochomolewa umeme jioni huikosa saa hiyo. Inabaki na mianya ileile huku ikionekana safi. Halafu kompyuta iliyo kwenye domeni ya Windows, yaani mtandao ambao akaunti zake husimamiwa na seva moja, hubadilisha nenosiri lake yenyewe kila siku 30. Ikigandishwa bila kulishughulikia hilo, hurudia nenosiri la zamani, seva inaikataa, na akaunti za domeni haziingii. Kwa UWF, angalia pia nafasi inayohifadhi kwa muda yanayoandikwa hadi mashine iwashwe upya: kiwango chake cha awali ni megabaiti 1,024, na ikijaa programu huanza kugoma.

Kinachopuuzwa mno, na ndicho kinachoumiza watu, ni muda kati ya mtumiaji mmoja na mwingine. Diski iliyogandishwa haijisafishi mpaka iwashwe upya. Barua pepe iliyoachwa wazi asubuhi inasomwa na anayefuata. Programu ya kunasa vibonyezo hukusanya manenosiri mchana kutwa. Kwa hiyo mashine ijiwashe upya kila mtu anapotoka, na pia ikikaa dakika 10 bila kuguswa. Kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, kusubiri mashine iwake ni kufupi. Kwenye diski kuu za zamani foleni hurefuka, na hapo njia ya pili inafaa zaidi, mradi profaili, yaani mafaili na mipangilio ya mtumiaji, ifutwe kila mtumiaji anapotoka; isipofutwa, mafaili hujaa na siri za watu hubaki.

Njia zote mbili hazimzuii anayewasha mashine kwa mfumo ulio kwenye flashi yake. Weka nenosiri la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na uanzishaji kupitia USB uzimwe. Kifaa cha kunasa vibonyezo kinachochomekwa kati ya kibodi na kompyuta nacho hakifutwi na chochote: kagua matundu ya nyuma kila asubuhi kabla ya kufungua.