Uji Mchachu Ukishachemka si Probayotiki Tena

Ukimsikia mtu akisifu uji wa moto wa wimbi uliochachushwa kwamba umejaa probayotiki, jua amechanganya mambo mawili: chakula kilichochachushwa na chakula chenye bakteria hai. Mwaka 2001, wataalamu walioitwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) huko Cordoba, Argentina, mtafiti Gregor Reid akiwa miongoni mwao, walikubaliana kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humfaa kiafya anayevitumia. Hai, tena vya kutosha. Bakteria wanaochachusha unga wa wimbi hawavumilii dakika 15 za kuchemka.

Hilo halipunguzi thamani ya uji huo hata kidogo. Wimbi lina madini mengi ya chuma na kalsiamu, ila yamefungwa na fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, na mwili hauwezi kuyachukua vizuri. Unga ukichacha, asidi hupanda na vimeng'enya vya nafaka yenyewe huanza kuivunja fitati. Asidi hiyo hubaki hata baada ya kupika, kwa hiyo uji uliowekwa kwenye thamosi hauwi shamba rahisi la vijidudu vya kuharisha kama uji mtamu. Kazi imefanywa kabla ya sufuria kutiwa motoni.

Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu kinatosha. Tia vijiko viwili vya kianzio, yaani mchanganyiko uliochacha wa awali, funika, weka mbali na jua. Kisumu, siku moja mara nyingi inatosha. Nakuru usiku una baridi, ngoja mbili, au weka karibu na jiko. Kosa linalowaponza wengi ni kuhifadhi kianzio baada ya kupika: hicho kimekufa. Kichote kabla. Ukiona ukungu, utelezi au rangi ya waridi, mwaga. Na mahindi yaliyoota ukungu usiyatarajie yasafike kwa kuchachushwa, maana huwezi kutegemea njia hiyo iondoe sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu.

Anayetaka bakteria hai anywe mala, yaani maziwa yaliyochachushwa. Chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe hadi nyuzi 25 hivi, kisha koroga vijiko viwili vya mala safi isiyotiwa sukari. Baada ya saa 16 hadi 18 yatakuwa yameganda. Ukitia kianzio maziwa yakiwa moto, unakiua. Yakikataa kuganda ilhali kianzio ni kizima, muulize muuza maziwa kama ng'ombe alitibiwa ugonjwa wa kiwele juzi, kwa sababu mabaki ya antibiotiki huzuia bakteria kufanya kazi. Yakitoa mapovu, chombo kilikuwa kichafu. Mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin, nayo ni hai, lakini ya maziwa mabichi siitetei: usitegemee uchachu uwaue bakteria wa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Hata mala, hata hivyo, si lazima iitwe probayotiki, kwa sababu ushahidi hufuata ukoo mahususi wa bakteria, yaani tawi moja ndani ya aina moja, wala si jina la jumla. Reid na wenzake walipoanzisha utengenezaji wa mtindi na vikundi vya akina mama Mwanza, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu, walitia ukoo uitwao GR-1. Ukoo mwingine maarufu, GG, hauwezi kuivunja sukari ya maziwa, hivyo huhitaji mwenzake wa kuivunja. Ndiyo sababu kumwaga kidonge ndani ya maziwa na kungoja muujiza hakufanyi kazi.

Utafiti ninaoona ungepaswa kutushughulisha zaidi ulifanyika hapa Kenya, kaunti ya Kwale, ukachapishwa mwaka 2015. Watoto wachanga waliotiliwa unga wa madini ya chuma kwenye uji wa mahindi waliongezeka bakteria hatari tumboni, na utumbo ukaonyesha uvimbe zaidi. Chuma kisichofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana, na huko wabaya hukipenda. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kuongeza aina fulani ya nyuzinyuzi zinazowalisha bakteria wema kulipunguza sehemu kubwa ya madhara hayo. Hawakuongeza bakteria wapya, waliwalisha waliokuwepo.

Huku Magharibi mwa Kenya chakula cha bakteria hao wema kipo sokoni: nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), kunde, ndizi mbichi za kupika. Ugali uliopoa pia hutengeneza wanga usiosagika upesi, kwa hiyo kiporo si cha kudharauliwa. Maharagwe loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na gesi itapungua. Anayeanza leo kula mengi aongeze kidogo kidogo.

Na kama bado unataka kununua vidonge, muulize mwenye duka la dawa: ni ukoo gani, wangapi watakuwa hai hadi siku ya mwisho wa matumizi, na umethibitishwa kwa ugonjwa upi? Kwa mtoto njiti au mgonjwa aliye na kinga hafifu, usimpe bila daktari.